Upara wa Baba, Mapunye ya Mtoto: Kwa Nini Nywele za Wanaume Hupotea

Dada yetu mmoja wa Pwani, aliyeolewa Webuye katika kaunti ya Bungoma, ametuletea barua ndefu ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Mume wake ana umri wa miaka 34. Tangu mwaka juzi paji lake la uso limekuwa likipanda juu kidogo kidogo, na sasa hata utosini ngozi yaonekana. Webuye ni njia panda: barabara itokayo Kakamega kwenda Kitale hukutana hapo na ile itokayo Eldoret kwenda Bungoma na Malaba, na penye njia panda hapakosi muuza dawa. Mume alisimama kwa mmoja wao akaambiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba damu yake imechafuka na yahitaji kusafishwa kwa chupa sita. La pili, kwamba kuna mtu wa karibu naye, tena mwanamke, aliyeokota nywele zake kwa kinyozi akazifanyia kazi. Chupa zilinunuliwa kwa pesa za karo. Mwanamke wa karibu hakutajwa jina, na kwa sababu hakutajwa, nyumba nzima imeingia baridi.

Mwishoni mwa barua, kama mtu akumbukaye jambo dogo, dada yetu anasema kwamba mwanawe wa mwisho, wa miaka saba, ana mabaka ya mviringo kichwani yenye magamba, nywele zimekatika hapo, na wenzake wa chuoni wanamkimbia. Amempaka mafuta ya nazi.

Basi barua hii ina vichwa viwili ndani yake, na kwa maoni yetu pesa zimekwenda kwenye kichwa kisicho na maradhi. Tutaanza na kile cha baba, kwa kuwa ndicho kilichozua fitina.

Unywele nao una umri wake

Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000 hivi. Kila unywele huota kwa muda wa miaka miwili hadi sita, ukirefuka kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Kisha huacha kukua, hulala katika kinyweleo chake kwa miezi kama mitatu, huanguka, na mwingine hushika nafasi yake. Kwa hivyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Mwenye nywele fupi hazioni zikianguka, na mwenye ndefu hulia akizikuta kwenye kitana, ilhali wote wawili wanapoteza sawasawa.

Upara wa kawaida wa wanaume haumaanishi kwamba nywele zimeng'oka. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kilichotokea ni kwamba kila unywele mpya unaoota huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka mwishowe hubaki manyoya laini yasiyoonekana. Vinyweleo vipo, ila vimesinyaa. Na kinachovisinyaza ni homoni.

Mwanaamume ana homoni iitwayo testosteroni. Mwilini mwake mna kimeng'enya kinachoigeuza sehemu ya testosteroni hiyo kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, ambayo kwa ufupi huitwa DHT. Vinyweleo vya utosini na vya mbele vya baadhi ya wanaume vimezaliwa na wepesi wa kuathirika na DHT. Vya pembeni na vya kisogoni havina wepesi huo. Ndiyo maana upara una ramani yake: hula pembe mbili za paji, hula utosi, kisha pande hizo hukutana, na huacha ukanda wa nywele kutoka sikio hadi sikio. Ramani hii ni ile ile kwa mzee wa Lamu, kwa dereva wa lori wa Kitale, kwa mfanyabiashara wa Maskati na kwa mwalimu wa London. Mwenye kudai kwamba upara wa namna hii umetengenezwa na adui atueleze kwa nini adui wa kila mtu duniani achora mstari ule ule.

Habari hii ilithibitishwa zamani. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, aliandika kuhusu wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe. Hao hawakupata upara. Walipopewa testosteroni, wale waliotoka katika koo zenye upara walianza kupoteza nywele, na wale wa koo zisizo na upara hawakupoteza. Kwa hivyo mambo mawili lazima yakutane, homoni na urithi. Moja likikosekana, kichwa hubaki na nywele zake. Wala hii haina maana kwamba mwenye upara ana homoni nyingi kuliko wengine, kama wanavyojisifu wengine barazani. Kiasi chake cha homoni mara nyingi ni cha kawaida kabisa, na tofauti iko katika vinyweleo.

Na urithi watoka kwa nani? Hapa dada zetu wengi hulaumiwa. Husemwa, tazama mjomba wake, upara huu ni wa kuumeni kwa mama. Ni kweli kwamba jeni moja muhimu katika jambo hili limo katika kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake tu. Lakini majeni yanayohusika yamekwisha kuhesabiwa kuwa ni mengi mno, na yanatoka pande zote mbili. Mtoto aweza kumfuata babu mzaa mama, aweza kumfuata baba, au asifuate yeyote. Picha ya babu ukutani yaeleza zaidi kuliko ramli, lakini nayo si hukumu.

Umri nao una sehemu yake. Upara huu waweza kuanza wakati wowote baada ya kubaleghe, na kuuona katika miaka ya 20 au 30 si ajabu. Kwa wanaume wa Kizungu, wafikapo miaka 50 karibu nusu yao wameonja. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini kidogo, na labda ndiyo sababu anayeupata mapema hujiona ameteuliwa peke yake.

Yasiyokuwa sababu

Kofia haileti upara. Twalisema hili kwanza kwa sababu tumewasikia vijana wakivua kofia zao baada ya Ijumaa kwa hofu hiyo. Kinyweleo hakipumui hewa ya nje, bali hulishwa na damu iliyo chini ya ngozi, na kofia ya vito wala kilemba haviizuii damu hiyo. Kunyoa kipara hakuzidishi nywele wala hakuzipunguzi, kwa kuwa wembe hukata kilichokwisha kufa juu ya ngozi na haufiki penye uhai.

Maji ya kisima yenye chumvi hukausha nywele na kuzikwaruza, lakini hayachori ramani tuliyoitaja. Huko Webuye kwenyewe kuna msemaji mwingine wa zamani, nao ni moshi. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifanya kazi tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009, na wenyeji waliishi na harufu yake na kulalamikia mabati yao kuliwa na kutu. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake. Lakini sumu iingiayo kwa hewa au kwa chakula haichagui utosi na kuacha kisogo. Ingekuwa ni moshi, hata nyusi zingepata fungu lao.

Lipo pia jambo la kinyume, yaani watu wanaodhani upara ni alama ya mali. Kwetu ni mzaha wa harusini. Kwa jirani zetu wa kusini haukuwa mzaha: mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walitoa onyo baada ya wanaume wenye upara kuuawa katika mkoa wa Zambezia, kwa imani ya kishirikina kwamba vichwa vyao vina dhahabu au vyaleta utajiri. Neno litupwalo kwa kucheka laweza kuokotwa na mtu asiyecheka.

Sasa tuseme juu ya sihiri, maana ndiyo iliyomfanya dada yetu aandike. Hatukatai kwamba uchawi umetajwa katika Kitabu. Tunachokataa ni mtu asiyejulikana ukoo wala elimu, aliyesimama kando ya matatu, kumtia mume shaka juu ya mkewe, mama yake au dada yake bila shahidi, kisha akauza chupa. Tumeonywa dhidi ya dhana, na dhana iliyouzwa kwa pesa haikuwa halali kwa kuwa imelipiwa. Nywele zilizobaki kwa kinyozi hufagiwa pamoja na za watu wengine thelathini. Mume wa dada yetu, kwa maelezo tuliyopewa, ana upara wa kawaida, na uchafu wa damu hauhusiki nao. Chupa sita hazitasafisha kitu.

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu walikuwa na busara ya kutenganisha maneno. Aliyepungukiwa na nywele za mbele kwa maumbile huitwa asla', na watu wa tarehe wamemsifu hivyo Sayyidna Umar, na pia Sayyidna Ali, Allah awe radhi nao, bila ya kuona aibu kulitaja. Aliyepoteza nywele kwa maradhi ya kichwa huitwa aqra'. Huyu wa pili ndiye aliyetajwa katika hadithi ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye ukoma, mwenye kichwa kibovu na kipofu, waliojiwa na malaika. Alipoulizwa anachokipenda zaidi alitaka nywele nzuri na kuondolewa lile linalowafanya watu wamkimbie. Tukirudi kwenye barua yetu, baba ni asla', na anayekimbiwa na wenzake ni mtoto.

Kichwa kinachohitaji dawa

Mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, kwa mtoto wa miaka saba, karibu kila mara ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Ni ukungu unaoingia katika ngozi na ndani ya unywele wenyewe. Huambukiza kwa kitana, kwa kofia inayovaliwa kwa zamu, kwa mto wa kulalia na kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Mafuta ya nazi hulainisha magamba na kumfanya mama aone kuna nafuu, huku ukungu ukiendelea chini kwa chini. Hata marhamu ya dukani peke yake haitoshi, kwa sababu haifiki kwenye shina la unywele. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini au terbinafini. Griseofulvini hunywewa kwa wiki sita hadi nane, na hufyonzwa vizuri zaidi ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Dawa isikatizwe magamba yanapotoweka. Ndugu zake watazamwe vichwa vyote.

Akiachwa, mtoto aweza kupata uvimbe laini wenye usaha, na ukipona huacha kovu. Juu ya kovu unywele hauoti tena, na huo ndio upara wa kudumu ambao mama angeweza kuuzuia. Aende Hospitali ya Kaunti ya Webuye wiki hii, asingoje mwisho wa mwezi. Tena tuseme kwa fahari kwamba elimu ya ngozi si ya Ulaya peke yake: huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kiko tangu mwaka 1992 kituo cha kufundishia waganga wa ngozi, na wanafunzi wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika.

Yapo maradhi mengine ambayo mwanaamume asiyachanganye na upara wa maumbile, na mke mwenye macho huyaona kabla ya mwenyewe.

Nywele zikianza kupukutika kichwa kizima kwa ghafla, kumbukeni lililotokea miezi miwili au mitatu nyuma. Homa kali, upasuaji, huzuni kubwa au kupungua uzito kwa haraka hulaza nywele nyingi kwa wakati mmoja, na zote huanguka pamoja baadaye. Wengi walilipata hili baada ya Korona, na hutokea pia baada ya chikungunya, ambayo Lamu waliijua mwaka 2004 na Mombasa mwishoni mwa 2017. Imo hata katika hadithi sahihi, kisa cha mwanamke aliyemjia Mtume (S.A.W.) akisema binti yake ni bi harusi, amepatwa na surua na nywele zake zimeanguka, je, amuunganishie nyingine? Akakatazwa. Sisi tusomao leo twajua jambo ambalo huenda lingempoza mama yule moyo: nywele ziangukazo baada ya homa kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi sita hadi mwaka. Anayeuza dawa katika muda huo hujisifia kazi isiyokuwa yake.

Baka laini kama yai, lisilo na magamba wala muwasho, lililotokea kichwani au katika ndevu, ni jambo jingine. Ni kinga ya mwili iliyogeuka ikaishambulia mizizi ya nywele. Haliambukizi. Mara nyingi hupona, mara nyingine hurudi, na daktari ana sindano na dawa za kulisaidia. Tezi ya shingo iliyolegea au kuzidi kazi hupunguza nywele. Kaswende iliyokwisha kuenea hutoa nywele vipande vipande kama nguo iliyoliwa na nondo, na hapo ni wajibu mume na mke wapimwe wote wawili. Dawa za saratani zajulikana, na zipo nyingine zisizodhaniwa, kama baadhi ya dawa za kifafa na vidonge vya vitamini A vikizidishwa.

Lakini lile linalowahusu zaidi wanaume wetu weusi, na ambalo halisemwi, liko kisogoni. Kijana hunyolewa chini kabisa kila wiki. Vipele vidogo hutokea chini ya kisogo. Hujikuna, kinyozi huvipitia tena kwa mashine, damu hutoka, hupakwa spiriti. Baada ya miaka vipele huwa vinundu vigumu, vinundu huungana kuwa kovu nene, na nywele hazioti tena hapo. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2011 utafiti uliofungamanisha vinundu hivi na kunyoa kunakotoa damu. Na penye damu kwenye mashine hapana vinundu tu: virusi vya homa ya ini aina ya B husafiri kwa njia hiyo, na vya UKIMWI vyaweza pia. Mwenye vipele aache nywele zirefuke kidogo, aache kuchongwa mstari wa shingo, amwone daktari mapema vikiwa bado vidogo. Mama ampelekaye mwana kwa kinyozi ana haki ya kusimama na kuuliza mashine imesafishwa kwa nini, na kama jibu ni brashi tu, aondoke.

Dawa za upara, na tahadhari kwa walio na mimba

Je, baba wa Webuye hana la kufanya? Analo, akitaka. Zipo dawa mbili zilizothibitishwa kwa miaka mingi. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele wasipozitaka, na mwaka 1988 ikaidhinishwa Marekani kama dawa ya kupaka kwa upara. Hupakwa kila siku, matokeo huonekana baada ya miezi minne hivi, na ukiiacha faida yake huondoka. Chupa isiachwe penye watoto, na aliyejipaka asimlaze mtoto mchanga juu ya kichwa kibichi. Mwaka 2019 huko Hispania watoto wachanga zaidi ya kumi waliota nywele mwilini kwa sababu minoksidili ilichanganywa kwa makosa katika dawa yao ya tumbo.

Ya pili ni finasteridi, na kisa chake chaanzia katika Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za koo ambazo baadhi ya watoto wao wa kiume walizaliwa bila kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Viungo vyao vya kiume havikukamilika walipozaliwa. Walipokua wakawa wanaume, tezi dume zao zilikuwa ndogo na hawakupata upara. Wataalamu wakatengeneza dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume na 1997 kwa upara, kwa kipimo cha miligramu moja kwa siku. Hupunguza kasi ya upara kwa wengi, na kwa wachache hupunguza hamu ya ndoa, jambo ambalo mume na mke walizungumze kabla, si baada.

Kisa hicho chaeleza pia kwa nini twasisitiza jambo hili kwa dada zetu. DHT ndiyo inayoumba viungo vya mtoto wa kiume tumboni. Mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia, asimeze finasteridi na asishike kidonge chake kilichovunjika au kusagwa. Na hapa chupa isiyo na lebo inakuwa hatari mara mbili, kwani nani ajuaye kilichosagwa ndani yake, na ni nani nyumbani anayepimia kijiko?

Kupandikiza nywele za mtu mwenyewe kutoka kisogoni kwenda mbele hufanyika, na wengi husafiri hadi Uturuki. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameliona jambo hilo kuwa ni kurudisha kilichopotea, tofauti na kuunganisha nywele za mwingine. Gharama yake ni karo ya miaka kadhaa, nasi hatuoni haja ya kusema zaidi.

Neno moja kwa wazee watumiao finasteridi kwa ajili ya tezi dume. Dawa hiyo hushusha karibu kwa nusu kipimo cha damu kinachotumika kutafutia saratani ya tezi hiyo. Mwambieni daktari mapema kwamba mnaitumia, ili asome nambari ile kwa hesabu sahihi.